Kampala: Nyumba ya Majani Makavu

Wengi wetu tukisikia mtu anasema "naenda Kampala" tunajua shida imemwita: hospitali, mahojiano, karatasi fulani, au ndugu aliyepotea. Mwezi huu nataka twende kule kwa sababu nyingine kabisa. Juu ya kilima cha Makerere, ndani ya chuo kikuu, kuna makabati ambayo kazi yake ni kutunza majani makavu. Siyo ya chai wala ya dawa. Ni majani na maua yaliyobanwa, yakakaushwa, yakabandikwa kwenye karatasi ngumu, na kila karatasi ina maelezo yake: mti gani, umetoka wapi, nani aliukata, siku gani. Wataalamu wa mimea wanapaita mahali hapo hebaria. Sisi tuseme nyumba ya majani makavu, tutaelewana.

Njia mnaijua. Kutoka hapa Nakivale unafika Mbarara, unapanda basi la asubuhi, Lyantonde, Masaka, pale Kayabwe abiria wananyoosha shingo kuona alama ya Ikweta, halafu msongamano wa magari unakupokea kabla hujauona mji wenyewe. Ukifika katikati, usichukue bodaboda. Panda kwa miguu barabara ya Bombo, maana huko tunakokwenda kuna jirani ambaye ni lazima tumsalimie kwanza.

Jirani huyo ni popo. Upande mmoja wa barabara hiyo, kabla ya kufika Wandegeya, kuna bonde ambalo wenyeji wanaliita Bat Valley, yaani Bonde la Popo. Zamani walilala pale kwa maelfu mengi mchana kutwa, wakining'inia kwenye miti, na jioni wakiondoka mbingu ilikuwa kama moshi. Ni popo wakubwa wa matunda, wenye manyoya ya rangi ya majani makavu shingoni. Katika miaka ya 1960 mtafiti F. A. Mutere aliwachunguza hapo hapo, na mwaka 1967 akachapisha jambo la ajabu: jike akishashika mimba, yai linasubiri kwanza, halianzi kukua mpaka wakati wake ufike, ili watoto wazaliwe karibu na mvua, matunda yanapokuwa mengi. Baadaye miti ilikatwa, majengo yakaja, popo wakahamia miti mingine ya mji. Siku hizi bonde lina jina kuliko lilivyo na popo. (Wazazi, ukimkuta popo ameanguka, watoto wasimshike wala wasimle. Popo hubeba magonjwa.)

Kwa nini nimeanza na popo wakati nimeahidi majani? Nitarudi kwao. Kwanza tufike juu.

Wandegeya mnaijua kwa rolex na kwa kaloli, wale ndege wakubwa wenye upara wanaosimama juu ya miti kama wazee wa kikao. Ukivuka pale unafika geti kuu la chuo. Beba kitambulisho chako. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ndogo ya ufundi, na leo hakuna nchi ya eneo letu ambayo haina mtu mkubwa aliyepita pale. Jengo Kuu lenye mnara, lile linalopigwa picha na kila mgeni, liliungua usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020. Limejengwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2024. Hebaria haikuwa ndani ya jengo hilo, iko upande wa sayansi ya mimea. Lakini kusema kweli, mtu yeyote anayetunza karatasi akiangalia moto kama ule lazima tumbo limuume. Sisi ambao karatasi zetu zilibaki ndani ya nyumba tulizozikimbia tunaelewa bila kuelezwa.

Sasa tufungue kabati, na tufungue jalada moja tu: mvule.

Nimechagua mvule kwa sababu ni mti wa wengi wetu. Waganda na Wasoga wanauita omuvule. Ndugu zetu wa Kongo wanaujua sokoni kwa jina la kambala. Afrika ya Magharibi wanasema iroko. Seremala mmoja jirani yangu, mtu wa Ituri, ukimpa kipande cha mbao ananusa kwanza kabla ya kuangalia, anasema kambala haimdanganyi. Ni mbao ngumu isiyoogopa maji wala mchwa, ndiyo maana imetengeneza milango, vitanda na mitumbwi ya Ziwa Viktoria tangu zamani. Mti wenyewe unaweza kufika mita 50. Waingereza wengine waliuita mwaloni wa Afrika. Mwaloni ule tunaousoma katika Biblia, alipopiga hema Abrahamu kule Mamre, hauoti wenyewe katika nchi zetu. Barani Afrika mialoni ya asili iko kaskazini tu, kama kule Moroko, Algeria na Tunisia. Kwa hiyo mvule si mwaloni, ni ndugu wa mforosadi na mtini. Ukiuchubua unatoa utomvu mweupe.

Katika hebaria yoyote, jalada la mvule linakufundisha mambo ambayo mtu anayepita chini ya mti hayaoni. La kwanza: karatasi mbili zinaweza kuonekana kama miti miwili tofauti. Mvule una mti dume na mti jike. Dume hutoa mikia myembamba mirefu ya maua meupe inayoning'inia, jike hutoa kitu kifupi kinene cha kijani, kama kiwavi, na hicho ndicho kinachokuwa tunda. Ukiwa na karatasi moja tu, una nusu ya habari.

La pili linatuhusu sisi tunaopanda miti hapa kambini. Jani la mche wa mvule halifanani na jani la mvule mkubwa. La mche lina meno pembeni na linakwaruza ukiligusa, la mti mzima ni laini na ukingo wake umenyooka. Mtoto anayejua mvule mkubwa anaweza kung'oa mche wake akidhani ni gugu. Mkusanyaji mzuri kwa hiyo anaweka majani ya umri wote, na anaandika lipi ni la nani.

La tatu ni majina. Sampuli iliyoupa mti huu jina la kitaalamu ilitoka Angola. Aliyeikusanya ni Friedrich Welwitsch, Mwaustria aliyetumwa na Wareno, aliyekaa kule katika miaka ya 1850. Mwaka 1869 aliuita Morus excelsa, akiuweka pamoja na mforosadi. Mwaka 1880 ukahamishiwa jina la Chlorophora. Mwaka 1982 mtaalamu wa Kiholanzi, Berg, akauhamisha tena, ukawa Milicia excelsa, na ndivyo unavyoitwa mpaka leo. Katika makabati ya zamani utakuta majina yote matatu, la kwanza limekatwa kwa mstari au limewekewa kikaratasi kipya pembeni. La zamani halifutwi kabisa. Hilo nalipenda sana. Majina yetu sisi yameandikwa mara ngapi kwa herufi nyingine, kila ofisi na spelingi yake, na ya mwanzo ikapotea!

Na Welwitsch huyo, msidhani majani makavu ni mchezo. Alipokufa mwaka 1872, serikali ya Ureno na jumba la makumbusho la London walipelekana mahakamani kugombea mikusanyo yake. Kesi ilimalizwa mwaka 1875: seti ya kwanza ikarudi Lisbon, ya pili ikabaki London. Mtu na mtu wanaweza kugombana kwa sababu ya shamba, hilo tumezoea. Hawa waligombana kwa sababu ya jani lenye tarehe.

Thamani iko hapo kwenye tarehe na mahali. Jani peke yake ni takataka, upepo unalichukua. Jani likiwa na maneno "mahali fulani, siku fulani, mti wa urefu fulani, kando ya kijito" linakuwa shahidi. Msitu ukifyekwa, shahidi bado yupo kabatini. Ndiyo maana mtu anaweza kusema bila ubishi kwamba mti huu uliwahi kuota hapa, hata kama leo pana mahindi na mabati.

Niwape mfano wa mbali, kwenye makorongo makavu ya Texas, Marekani, karibu na mpaka wa Meksiko. Huko kuna mwaloni unaoitwa Quercus tardifolia. Mti wa mwisho uliojulikana ulikufa, na tangu mwaka 2011 ukahesabiwa kuwa umetoweka duniani. Mwaka 2022 watafiti wakaukuta mmoja katika hifadhi ya Big Bend, kama mita 9 urefu, una makovu ya moto na unaumwa kuvu. Mti mmoja tu, mgonjwa, katikati ya mialoni ya aina nyingine. Kama hakuna aliyeandika zamani jani lake likoje na linaota wapi, nani angejua kwamba huyu ndiye yule waliyemlilia?

Sasa turudi kwa popo, maana niliahidi. Mwaka 1965 Henry Osmaston, bwana misitu aliyefanya kazi hapa Uganda, aliandika juu ya namna mbegu za mvule zinavyosafiri. Msafirishaji mkubwa ni yule yule popo wa matunda. Anakula tunda la mti jike usiku, anaruka mbali, anaangusha mbegu njiani. Mvule ulio peke yake katikati ya shamba la mtu pengine haukupandwa na babu wa yeyote. Kwa hiyo kilima chenye majani ya mvule kabatini na bonde la popo chini yake ni majirani kweli, na karatasi peke yake isingekuambia.

Sio kila kitu kinaingia kwenye karatasi. Wapasua mbao wanajua kwamba ndani ya shina la mvule mnaweza kuwa na jiwe, jiwe kabisa, linalovunja meno ya msumeno. Mti wenyewe ndio unaolitengeneza, kutokana na chokaa. Huwezi kulibana hilo kwenye gazeti. Na kuna kadudu kadogo kanakoshambulia miche, majani yanavimba kama jipu, halafu yanaoza na ncha ya mche inakufa. Ukipanda mivule mingi pamoja mahali pamoja, kadudu hako kanafanya karamu. Wataalamu wanashauri kuichanganya na miti mingine, huku mmoja na kule mmoja, kama popo anavyofanya.

Hebu niseme na jambo linalonisumbua. Karatasi nyingi za zamani katika nyumba hizi zilitoka kando ya barabara, karibu na misheni, vituo vya serikali na kambi za safari. Ndivyo ilivyo: mkusanyaji alikata pale alipofika. James Grant, aliyesafiri na Speke kutoka Zanzibar mpaka mto Nile kati ya 1860 na 1863, alibeba mamia ya mimea, na njia yake unaweza kuifuata kwa majani. Lakini asipopita kwenu, mti wenu haupo kabatini, na mtu wa mbali anaweza kudhani haukuwepo. Tena kibandiko kina jina la mzungu aliyekusanya, lakini kijana aliyepanda juu ya mti na mama aliyetaja jina lake mara nyingi hawakuandikwa. Hapo najisikia uchungu kidogo, nisiwafiche. Mambo yalibadilika baadaye. Anthony Katende wa Makerere, mtu aliyejulikana sana kwa hebaria hiyo, alitoa na wenzake mwaka 1995 kitabu juu ya miti na vichaka vyenye faida Uganda, na ndani yake kila mti umewekewa majina ya lugha za wenyeji. Mtu wa Ankole anaweza kuanza na jina la mama yake akafika kwenye jina la Kilatini. Zamani njia ilikuwa moja tu, kutoka kwa Kilatini kuja chini.

Kazi kubwa ya pamoja ya vitabu vya mimea ya Uganda, Kenya na Tanzania ilianza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012: miaka 60, aina zaidi ya 12,000. Ndani yake Uganda imegawanywa sehemu nne. Kampala iko katika ya nne, na Nakivale yetu katika ya pili.

Tuseme sasa juu ya moto, maana sijamaliza nao. Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Machi 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mabomu yaliangukia hebaria ya Berlin. Humo mlikuwa na mimea mingi sana ya Afrika ya Mashariki, iliyopelekwa wakati wa utawala wa Wajerumani, na nyingi zilikuwa zile sampuli za kwanza ambazo majina yalitolewa kwazo. Sehemu kubwa iliteketea. Kilichosaidia ni desturi moja ya wakusanyaji. Mtu akikata tawi halikati moja. Anakata matawi matano au sita ya mti ule ule, yote anayapa namba moja, halafu anayatawanya: moja linabaki nchini, jingine London, jingine Nairobi, jingine Brussels. Nyumba moja ikiungua, ndugu wa karatasi ile bado wako hai mahali pengine. Kwa njia hiyo baadhi ya yaliyopotea Berlin yalipatikana tena kwingine, na pengine kwenye kituo cha Amani, kule milima ya Usambara, kilichoanzishwa mwaka 1902. Mikusanyo ya Amani ndiyo iliyohamishiwa Nairobi mwaka 1950.

Wazazi wameniuliza: watoto wanaweza kujaribu? Wanaweza, na haihitaji pesa. Kata tawi la urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidole, lenye majani na maua au matunda. Lilaze ndani ya gazeti kuukuu, jani moja uligeuze mgongo juu ili pande zote zionekane. Weka kadibodi juu na chini, funga kwa kamba au kandamiza kwa mawe. Wiki ya kwanza badilisha gazeti kila siku, la sivyo litaota ukungu, na usilianike juu ya moto. Gazeti ndilo hilo hilo wanalotumia hata wakubwa. Katika hebaria za zamani watu bado wanakuta majani yamelala ndani ya habari za vita vya zamani.

Halafu kuandika, na hapa watoto wanakuwa wavivu. Andika siku ile ile, kwa penseli. Kijiji, eneo, wilaya, umbali kutoka mahali panapojulikana. "Karibu na kisima" haitoshi, kisima kipi? Tarehe yenye mwaka. Urefu wa mti. Vitu vitakavyopotea likikauka: rangi ya ua, harufu, utomvu. Jina la mti na lugha yake, na jina la mzee aliyelitaja, kama amekubali. Namba yako, ukianzia 1, isirudiwe kamwe. Kata mawili, moja libaki nyumbani, jingine shuleni. Lakini msiingie misitu ya hifadhi kukata bila kibali, na msivushe mimea mpaka wa nchi. Anayetaka kupeleka kitu Makerere aulize kwanza idara ya mimea kabla ya kupanda basi.

Na kwa wale wanaouliza juu ya miti ya nyumbani. Kongo ina hebaria kubwa ya Yangambi, kando ya mto, chini ya Kisangani, na nyingine Lwiro, karibu na Bukavu. Bustani ya mimea ya Meise huko Ubelgiji, ambayo ina ndugu wengi wa karatasi hizo, imepiga picha mikusanyo yake ya Afrika na kuiweka kwenye intaneti, bure. Kijana mwenye simu na bando kidogo anaweza kukaa na bibi yake wakatafuta kwa jina la mti au la mahali, wakaona jani lililokatwa karibu na kijiji chao kabla bibi hajazaliwa. Ila andikeni majina kama Wabelgiji walivyoyaandika wakati ule: Bukavu tafuteni Costermansville, Kisangani tafuteni Stanleyville, Kalemie tafuteni Albertville. Na vijiji vidogo jaribuni spelingi zote mnazozikumbuka, kwa "u" na kwa "ou".